Chini ya Nini?

Msomaji, Kiingereza kina jamii ya vitenzi vidogo ambavyo kila kimoja, kikiwa peke yake, hakimsumbui hata mtoto wa darasa la tatu. Kwenda, kuja, kupata, kuweka, kuvunja: nani asiyevijua? Lakini Waingereza huvitwaa vitenzi hivyo wakavifunga pamoja na vijineno vya mahali, kama juu, chini, nje, ndani na mbali, na mara ile ile kitenzi kikageuka sura. Mwanafunzi aliyedhani kwamba anakijua hukiona kimevaa nguo za ugeni. Katika insha hii nataka tukitazame kimoja tu, nacho ni "go under". Sikukichagua kwa kubahatisha. Kimejaa katika magazeti, katika vitabu vya biashara na katika riwaya mtakazozisoma. Tena namna tunavyokifasiri kwa Kiswahili si jambo la sarufi tupu. Ndani yake mna swali la nani aliyepotewa na mali na nani aliyeipoteza, na swali hilo yafaa mlifikirie kabla hamjatoka shuleni.

Neno "go" ni kwenda, na "under" ni chini ya. Mtu wa haraka akishajua hayo mawili hufunga kamusi yake akaandika kwamba "go under" ni kwenda chini. Haraka hii haina baraka. Tazama tena neno la pili. Kwa desturi yake "under" hutaka kufuatwa na kitu: chini ya meza, chini ya mwembe, chini ya ulinzi. Hapa hakikufuata kitu cho chote. Chini ya nini, basi? Mwingereza haulizi, maana yeye ni mtu wa kisiwa, na katika mawazo ya lugha yake maji yamekwisha kuwapo kabla sentensi haijaanza. Kitu hutajwa kwa neno hili pale maji yanapojifunga juu ya kichwa chake. Mtu afaye maji hutapatapa, huzama, huibuka, huzama tena, kisha haonekani. Chombo nacho hivyo hivyo. Picha ni moja na ni kamili: kulikuwa na kitu kikielea, na sasa pana uso wa maji uliotulia.

Katika picha hiyo ndimo ilimotoka maana ya pili, ambayo leo imekuwa mashuhuri kuliko mama yake. Duka, kiwanda, gazeti au benki iliyoshindwa kulipa madeni yake ikafunga milango husemwa kwa neno hili. Hata mtu mwenyewe aweza kusemwa hivyo, akiwa amelemewa na huzuni, au ulevi, au ukata, asiweze tena kuinua kichwa. Wala neno halitembei peke yake. Lina ndugu zake: biashara inayojimudu huitwa inayoelea, na mtu anayepata riziki kwa shida husemwa kwamba anajitahidi kuweka kichwa chake juu ya maji. Aliyeiona picha moja ameziona zote, na hana haja ya kuzikariri mbalimbali kama majina ya miji.

Jihadhari tu na jamaa za mbali wenye sura moja na huyu. Nyumba ikisemwa kwa Kiingereza kwamba imekwenda chini ya nyundo, haikuzama popote. Imeuzwa mnadani, na nyundo ni ya dalali. Mgonjwa aliyekwenda chini ya kisu amepasuliwa na daktari, na huenda sasa ni mzima kuliko mimi nawe. Na katika chumba cha kupasulia, neno letu likitumika peke yake, maana yake ni kwamba nusukaputi imemshika mgonjwa, amelala. Hayo yatosha, si ndiyo yaliyonileta hapa.

Kosa lililonileta hapa ni lile la "kwenda chini". Sikuhizi utasikia mtu msomi, tena mwenye kalamu nzuri, akisema kwamba kampuni fulani imekwenda chini. Kwa Kiswahili safi, kwenda chini ni kuteremka. Bei huteremka, homa huteremka, maji ya mto huteremka wakati wa kiangazi, na vyote hivyo hupanda tena. Kwa hiyo msikilizaji ambaye hana Kiingereza akiambiwa kwamba kampuni aliyoweka fedha zake imekwenda chini, ana haki ya kungoja ipande. Atangoja sana. Neno la Kiingereza lilikuwa na maana ya mwisho wa safari. Neno la Kiswahili alilopewa lina maana ya mteremko wa njia. Hivi ndivyo tafsiri ya neno kwa neno inavyoweza kusema uongo ingawa kila neno lake ni la kweli.

Kosa hili lina ndugu maofisini, ambako karani hukwambia kwamba mtandao uko chini, nawe ukatamani kuinama uutafute. Mtandao umekatika, mtambo umezimika, au umekwama. Maneno yetu yapo, hayajazama. Na yuko mwingine aliye mbaya zaidi: shujaa ambaye eti "atashuka katika historia". Shujaa huingia katika historia. Anayeshuka ni abiria wa basi.

Nilipokuwa chuo cha ualimu tulipewa zoezi la kufasiri sentensi moja fupi ya Kiingereza, isemayo kwamba biashara ya jamaa fulani ilifikwa na jambo hili baada ya baba yao kufariki. Zilipokusanywa kazi zetu, ubaoni yaliandikwa majibu sita au saba, na kila mwenye lake alilitetea kama mtu atetevyo shamba. Sikumbuki kwamba tulipatana. Lakini ubishi ule ulinifundisha kitu ambacho kamusi hainifundishi, yaani kwamba Kiswahili hakina upungufu wa neno kwa jambo hili. Kina wingi, na wingi ndio unaotaka akili. Hebu tuyapime baadhi ya majibu hayo, pamoja na mengine ambayo siku ile hayakutajwa.

Mmoja aliandika kwamba biashara ilikufa. Jibu hili si baya. Mila hufa, vijiji hufa, biashara nazo hufa, na kila mtu huelewa. Ila kufa ni neno kubwa mno, limebeba kila mwisho wa kila kitu, hata halituonyeshi tena mwisho huu ulikuwaje. Tena katika sentensi ile baba naye amefariki. Kumzika mzee na duka lake kwa kitenzi kimoja kulituletea kicheko ambacho mwandishi hakukikusudia. Mwingine aliandika kwamba ilianguka. Kuanguka kuna kishindo. Ukuta huanguka, serikali huanguka, mtahiniwa huanguka mtihani na mwaka ujao hurudi akafaulu. Neno la Kiingereza halina kishindo hata kidogo. Nguvu yake ni ule ukimya wa maji baadaye.

Ndipo akasimama mwenzetu mmoja wa pwani, naye alikuwa ameandika kwamba biashara ilikwenda mrama. Darasa zima lilivutiwa. Mrama ni ule uyumbaji wa chombo baharini, kinapolala huku na kuinukia huku kwa kupigwa na mawimbi, na kila mmoja wetu aliijua methali isemayo kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama. Hapa basi palikuwa na bahari kujibu bahari. Lakini uzuri wa neno usitufumbe macho. Chombo kiendacho mrama kingali juu ya maji. Nahodha aweza kutua tanga, aweza kupunguza shehena, aweza kumnyamazisha yule anayebishana naye, na chombo kikafika bandarini. Mrama ni sura ya kwanza ya hadithi. "Go under" ni sura ya mwisho. Anayefasiri moja kwa nyingine amempa msomaji matumaini ambayo mwandishi hakuyaweka.

Kwa kuwa tumefika pwani, tusiondoke upesi, maana huko ndiko Kiswahili kilikoweka hazina yake ya maneno ya kushindwa. Chombo kilichoachwa na maji yanapokupwa, kikakaa juu ya mchanga, kimepwelewa. Mtu naye hupwelewa, anapokwama mahali asipoweza kwenda mbele wala kurudi. Nalipenda neno hili kuliko yote, kwa sababu ndani yake mna subira: maji yaliyokupwa yatajaa. Duka ambalo limekosa fedha mwezi mmoja kwa sababu wateja hawajalipa, lakini lina mali na lina wateja, halikuzama, limepwelewa. Mwenye kulikopesha angalijua tofauti hiyo, asingaliliuza kwa haraka. Mazungumzo au mpango uliovunjika umegonga mwamba. Bidhaa zisizonunuliwa zimedoda. Kishada kilichokatika uzi kikachukuliwa na upepo kimekwenda arijojo, na neno hilo hilo hufaa kwa kazi iliyokosa wa kuiongoza. Na aliyefikwa na shida kupita uwezo wake husema kwamba maji yamezidi unga, picha ambayo haikutoka baharini, bali jikoni, kwa mama anayesonga ugali. Tazama jinsi kila neno linavyoshika hali yake: moja ni kuyumba, jingine ni kukwama, jingine ni kugonga, jingine ni kukosa mnunuzi. Mwandishi wa habari anayeyatupa yote akasema "imekwenda chini" ni kama fundi mwenye sanduku la vyombo aliyeamua kutumia nyundo tu.

Majibu mawili yalibaki, nayo ndiyo yenye uzito: kuzama na kufilisika.

Kuzama ndilo neno lililo karibu zaidi na picha ya Kiingereza. Maji yamo, mwisho umo, ukimya umo. Hata hivyo lina njia zake lenyewe. Mwanafunzi hodari amezama katika masomo. Mzee amezama katika mawazo. Na hapo hapana hasara, pana sifa. Watu wa pwani na wa Ghuba walijua kazi ya wazamia lulu, ambao walizama kwa hiari yao na kuibuka na mali. Kwa hiyo ukiandika "amezama katika biashara", msomaji ataelewa kwamba mtu huyo hana usingizi kwa kufanya kazi. Ukiandika "biashara yake imezama", ataelewa kwamba hana kazi tena. Maneno ni yale yale, mpangilio ndio uliogeuka. Mwalimu akikwambia kwamba kuzama ni tafsiri sahihi, mwulize: ni nani anayezama, na ndani ya nini?

Na hapa niseme jambo moja kwa faida ya wale mtakaoendelea na masomo ya lugha. Wajerumani wana kitenzi "untergehen", ambacho kwa muundo wake ni ndugu halisi wa "go under". Kwao jua likichwa husemwa hivyo, meli ikizama husemwa hivyo, na taifa likiangamia husemwa hivyo. Mwanafalsafa Nietzsche, katika kitabu chake juu ya Zarathustra kilichoanza kutolewa mwaka 1883, alicheza na maana zote hizo pamoja: mtu wake anashuka kutoka mlimani, kama jua linavyoshuka, na kushuka huko ni kuangamia pia. Wafasiri wa Kiingereza wamesumbuka nalo. Walter Kaufmann, mwaka 1954, alishika "go under", R. J. Hollingdale, mwaka 1961, alishika "go down". Wa kwanza alipata maangamizi akalipoteza jua, kwa maana jua la Waingereza haliendi "under". Wa pili alilipata jua na mlima, yakafifia maangamizi. Sasa fikiri: Kiswahili chasema jua limezama, chombo kimezama, na mtu amezama. Mfasiri wa Kiswahili angelikuwa na neno moja lenye kutosha, pale ambapo wafasiri wawili wa Kiingereza, wote wataalamu, walilazimika kuchagua hasara. Nalisema hili kwa ajili ya wale wanaodhani kwamba lugha yetu ni ya kuombaomba kila siku kwa jirani.

Kufilisika ni neno la namna nyingine. Halina maji ndani yake. Asili yake ni Kiarabu, nalo ni la ukoo mmoja na fulusi, jina la kale la fedha, na muflisi, mtu aliyekwisha kabisa. Ni neno la hesabu na la mahakama. Likisemwa, twajua kwamba madeni yamepita mali. Kwa hiyo katika habari za benki na viwanda ndilo neno ninalolipendelea, hata kama limepoteza bahari, kwa maana msomaji wa habari hizo ataka kwanza ujuzi wa jambo lililotokea, picha baadaye. Lakini lisivushwe mpaka wake. Mjane aliyelemewa na huzuni hakufilisika, hata kama amebaki hana kitu.

Sasa nifike penye shina la maneno yangu. Kitenzi cha Kiswahili kina mkia, na mkia huo husema mengi. Kuzama, kuzamisha, kuzamishwa. Kufilisi, kufilisika, kufilisiwa. Kiingereza kikisema "went under" kimekwisha kusema. Chombo kilikuwapo, chombo hakipo, na aliyekitoboa hakutajwa. Sisi tunapofasiri hutufikia njia panda: tuseme kilizama, au tuseme kilizamishwa? Mzungumzaji wa Kiswahili hawezi kukwepa kuchagua, na kila mkia una ushahidi wake.

Chukua habari ya benki ya Barings ya London. Ilianzishwa mwaka 1762, ikahudumia wafalme na serikali, na mwezi wa Februari 1995, ikiwa na umri wa miaka 233, ikashindwa. Hasara yake ilipita pauni milioni 800, na ilitokana na biashara ya kubahatisha iliyofanywa na mtumishi wake mmoja, Nick Leeson, katika ofisi ya Singapore. Alificha hasara zake katika hesabu moja ya siri, na aliweza kuficha kwa sababu wakubwa wake walimwachia mtu yule yule afanye biashara na tena asimamie uandikaji wa hesabu za biashara hiyo. Benki ikanunuliwa na kampuni ya ING ya Uholanzi kwa pauni moja. Leeson akafungwa gerezani Singapore. Kwa Kiingereza habari hii yote huweza kuandikwa kwa maneno machache, kwamba Barings "went under" mwaka 1995, na hakuna atakayesema kwamba mwandishi amekosea. Lakini wewe unayeandika kwa Kiswahili utasemaje? Ukisema benki ilizama, umeifanya kama jahazi lililopatwa na tufani. Ukisema ilifilisika, umetaja hali yake. Ukisema ilizamishwa, umefungua mlango wa swali: na nani? Na hapo waingie yule kijana na pia wale waliomwachia funguo mbili mkononi mmoja.

Wako watakaosema kwamba mfasiri hana ruhusa ya kuongeza asilolikuta. Nakubaliana nao. Ukifasiri maneno ya mtu, na mtu huyo ameficha mtenda, basi nawe mfiche. Hiyo ndiyo amana ya kazi. Ila unapoandika insha yako mwenyewe, au barua, au taarifa ya mkutano, huna tena amana ya mtu mwingine ya kujifichia. Hapo mkia wa kitenzi ni mali yako, na utaulizwa habari zake.

Wala sitaki mdhani kwamba Kiingereza ni lugha ya wafichaji na Kiswahili ni lugha ya wakweli. Waingereza wana maneno makali ya kumshika mwenye kosa wakitaka. Nasi tuna mahali petu pa kujificha, tena tumepajua tangu utotoni. Mtoto aliyeangusha kikombe humwambia mama yake, "Kimevunjika." Hasemi, "Nimekivunja." Ule mkia wa -ika ni kichaka kizuri cha mtu mwenye hofu. Kufilisika nako kumo katika kichaka hicho hicho. Kwa hiyo mtu asijisifu kwamba ameandika "kufilisika" badala ya "kwenda chini" akadhani amemaliza kazi. Amepata neno safi. Kama amepata neno la haki, hilo ni jambo jingine.

Katika mahali ninapofundisha palikuwa na chama kimoja cha wakulima, ambacho jina lake sitalitaja, kilichokusanya akiba za watu kwa miaka mingi. Siku moja wanachama wakaitwa, wakasomewa tangazo lililoandikwa kwanza kwa Kiingereza kisha likafasiriwa, kwamba kwa masikitiko makubwa chama kimekwenda chini. Mama mmoja mtu mzima, ambaye alikuwa ameweka humo fedha za majani ya chai ya misimu kadha wa kadha, akanyosha mkono, akamwuliza kijana aliyesoma: "Kimekwenda chini ya nini, mwanangu?" Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akangoja jibu. Kijana akarudia maneno yale yale kwa sauti ya juu zaidi, kama kwamba taabu ilikuwa masikio ya mama. Lakini mama alikuwa amesikia vyema, na kwa maoni yangu hakuna mhakiki wa lugha aliyepata kuuliza swali la sarufi lililokuwa bora kuliko lile. Neno lilimpa mwendo bila mahali. Tangazo lilimpa hasara bila mtenda. Alitaka apewe kimoja kati ya hivyo viwili, akakosa vyote. Wazee walikwisha kusema kwamba ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Na mama yule, ambaye yeye na wenzake ndio walioviunda, hakuona ni kwa nini vya kuzama vihesabiwe kuwa vimezama vyenyewe.

Tazama pia jinsi Kiswahili kisivyosema "kuzama" ovyo hata penye maji ya kweli. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe, Mombasa, ilipata ajali ikaua watu 272. Ilikuwa imepakia watu kupita kiasi chake. Watu wa Mombasa husema kwamba feri ilipinduka, nao wasema sawa, maana kupinduka kwaonyesha uzito uliolala upande mmoja, na uzito wakumbusha idadi ya watu walioruhusiwa kupanda. Vivyo hivyo meli ya MV Bukoba katika Ziwa Viktoria, tarehe 21 Mei 1996, karibu na Mwanza: ilipinduka kwanza, ikabaki tumbo juu kwa muda, ndipo ikazama. Vitenzi viwili, saa mbalimbali, na katikati yake walikuwamo watu waliokuwa hai. Mwandishi atakayeviunganisha viwili hivyo kuwa kimoja kwa sababu Kiingereza kimempa neno moja atakuwa amezifuta saa zile.

Na wanafunzi wa Mombasa wana mfano mwingine karibu nao. Ndani ya Fort Jesus uko mzinga wa meli ya vita ya Kijerumani, Königsberg. Meli hiyo iliizamisha meli ya Kiingereza, Pegasus, bandarini Unguja mwezi wa Septemba 1914, kisha ikajificha katika delta ya mto Rufiji. Mwezi wa Julai 1915 Waingereza waliipiga kwa mizinga mpaka ikaharibika, na nahodha wake, Looff, akaamuru ilipuliwe asije adui akaitwaa. Je, Königsberg ilizama? Ilizamishwa na Waingereza? Ilizamishwa na mwenyewe? Kila jibu lina sehemu ya kweli, na kila jibu humpa sifa mtu mwingine. Tena Wajerumani waliitoa mizinga yake kumi, wakaiburura nchi kavu wakapigana nayo. Basi hata hapo penye meli halisi na maji halisi, kusema kwamba meli "imekwenda chini" kungetuachia hadithi isiyokuwa na mtu wala mzinga.

Nimesema mengi juu ya mali na meli, nami sipendi tuache neno hili bila kulitazama pale linapomhusu mtu na moyo wake, maana huko katika riwaya ndiko mtakakokutana nalo mara nyingi. Huko mara nyingi huja likiwa limekanushwa. Mwandishi hueleza habari za mwanamke aliyefiwa na mume, akafukuzwa katika nyumba, akalea watoto wanne kwa kufulia watu nguo. Na mwisho wa aya husema tu kwamba hakwenda "under". Ni sentensi fupi, kavu, na kwa Kiingereza ina nguvu sana, kwa kuwa katika ule ukanusho twayaona maji yote yaliyokuwa tayari kumfunika. Kuifasiri ni kazi ngumu. "Hakufilisika" ni upuuzi, maana hakuwa na kitu cha kufilisi. "Hakuanguka" yaweza kudhaniwa kuwa habari ya tabia yake. "Alistahimili" ni kweli, lakini limegeuza ukanusho kuwa sifa, na mwandishi hakutaka kusifu, alitaka kushuhudia. Mimi, kwa miaka kadhaa sasa, nimekuwa nikiwaandikia wanafunzi wangu ubaoni "hakulemewa", kwa sababu nausikia uzito ndani yake. Mwenzangu mmoja afundishaye Kiingereza chumba cha pili hushikilia "hakuzama", akisema kwamba nimemnyang'anya mwanamke yule bahari yake. Tumebishana habari hii mara nyingi wakati wa chai, na hatujapatana.